Uzi: Waziri anaulizwa fedha zikiwa zimeshaondoka. Tujadili wakati wa maswali ya Bunge la Uganda

MwanaNsambya (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila Bunge linapokutana, simu zetu hujaa vipande vya video vya wabunge wakimbana waziri fulani kuhusu fedha za barabara, za hospitali au za chakula cha msaada. Tunavitazama, tunavisambaza, tunamsifu mbunge aliyepaza sauti, kisha tunasubiri kipande kingine. Jambo ambalo sijaliona likijadiliwa humu kwa kina ni wakati wa maswali hayo. Fedha inayoulizwa leo ilitoka Hazina lini, na huyu anayeuliza alikuwa wapi siku ilipoombwa?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Bunge letu lina uwezo wa kuuliza, tena mkubwa kuliko wananchi wengi wanavyodhani, lakini linautumia zaidi baada ya fedha kutumika na kidogo mno kabla. Ndiyo maana tunapata vikao vyenye moto mkali na matokeo haba.

Tuanze na uwezo wenyewe. Ibara ya 90 ya Katiba ya 1995 inazipa kamati za Bunge mamlaka ya kumwita waziri yeyote, mtumishi yeyote wa umma na hata mtu binafsi, na katika kazi hiyo kamati zina nguvu za Mahakama Kuu: kulazimisha shahidi afike, kumhoji chini ya kiapo na kudai nyaraka ziletwe. Ibara ya 159 inasema Serikali haikopi bila idhini ya Bunge. Ibara ya 118 inawaruhusu wabunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na waziri mmoja mmoja. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema kwamba wabunge hawana meno.

Sasa tuangalie kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inaitaka Serikali ipeleke mwelekeo wa bajeti bungeni kabla ya Desemba kwisha, kisha taarifa za sera za kila wizara zifike ifikapo tarehe 15 Machi, makadirio yenyewe ifikapo tarehe 1 Aprili, na Bunge limalize kuidhinisha ifikapo tarehe 31 Mei. Hotuba ya bajeti tunayoisikiliza Juni inasomwa baada ya mambo kuamuliwa. Maana yake ni kwamba kuna takriban miezi mitano ambamo waziri anakuja mbele ya kamati akiwa ndiye mwombaji. Fedha hana bado, na asiporidhisha kamati anaweza kukosa. Katika miezi hiyo hiyo ndipo vyumba vya kamati vinakuwa na akidi ya kusuasua, na sisi raia hatufuatilii.

Halafu kuna mlango wa pili, nao ndio ulionisukuma kuandika. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo kinaruhusu bajeti ya nyongeza hadi asilimia 3 ya bajeti yote bila idhini ya awali ya Bunge. Serikali inatumia kwanza, kisha inaleta makadirio bungeni ndani ya miezi minne. Asilimia 3 inasikika ndogo. Lakini bajeti ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 72.1, na asilimia 3 ya kiasi hicho ni zaidi ya trilioni 2.1. Hizo ni fedha ambazo Bunge linaziona kwa mara ya kwanza zikiwa zimeshageuka kuwa magari, semina, mikataba na posho. Mbunge atakayesimama siku hiyo kuuliza anaweza kuuliza kwa ufasaha wa ajabu, lakini hawezi tena kuzuia chochote.

Mfano ulio karibu na wengi wetu wa Kampala ni hospitali ya Lubowa, wilayani Wakiso. Machi 2019 Bunge liliidhinisha hati za ahadi ya malipo zenye thamani ya dola milioni 379.7 kwa ajili ya hospitali ya kibingwa yenye vitanda 264, na idhini hiyo ilipita ingawa baadhi ya wabunge walipinga wakitaka kwanza wajue uwezo wa mwekezaji na namna kazi itakavyopimwa. Miaka iliyofuata, wabunge waliotaka kwenda kuona ujenzi walizuiwa getini, na bajeti ziliendelea kutenga fedha kwa mradi huo. Tafakarini jambo hilo: mwakilishi wa wananchi anasimamishwa nje ya uzio wa jengo ambalo yeye mwenyewe aliliidhinisha. Masharti ya kuingia na kukagua yalitakiwa kuandikwa ndani ya azimio la Machi 2019, siku ambayo Waziri wa Fedha alikuwa akihitaji kura zao.

Februari 2022, Waziri wa Fedha Matia Kasaija alitia saini mkataba wa kahawa na kampuni ya Vinci, wenye misamaha ya kodi na upendeleo katika ununuzi wa kahawa yetu. Bunge liliuchunguza baada ya wakulima na wafanyabiashara kupiga kelele, mawaziri wakahojiwa, na Mei 2022 likaazimia kwamba mkataba ufutwe. Uchunguzi ulikuwa mzuri na naupongeza kwa dhati. Hata hivyo saini ilikuwa imeshawekwa, na nchi iliyotia saini haifuti jambo kwa azimio peke yake.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi serikalini. Nisahihisheni penye upungufu.

KaraniMstaafu, Arua

Ndugu MwanaNsambya, umeandika vizuri, ila kuna jambo umeliruka ambalo sisi tuliofanya kazi ya hesabu hatuwezi kuliacha lipite. Waziri haandiki hundi. Kwa sheria, anayejibu kwa kila shilingi ya wizara ni ofisa mhasibu, yaani Katibu Mkuu, na ndiye anayesimama mbele ya Kamati ya Hesabu za Umma, ile tunayoiita PAC. Waziri anajibu kuhusu sera mbele ya kamati za kisekta na katika kikao cha Bunge zima. Mgawanyo huo una mantiki yake, lakini pia ndio mwanya mkubwa. Ukimuuliza waziri kwa nini fedha za dawa zilinunua mafuta ya magari, atakuambia muulize Katibu Mkuu. Ukimuuliza Katibu Mkuu, atakuambia kwamba alipokea maelekezo, na maelekezo hayo mara nyingi yalitolewa kwa mdomo.

Nitaeleza namna kikao kinavyokwenda, kwa kuwa nimekaa upande ule wa meza, ingawa ilikuwa kwenye kamati ya hesabu ya wilaya na si ya Bunge. Mkuu wa idara anaketi mbele, nyuma yake sisi wahasibu tunaketi na majalada mapajani. Mwenyekiti anasoma hoja ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, aya kwa aya. Swali likiwa la jumla, mkuu anajibu kwa maelezo marefu na muda unakwenda. Likiwa swali la karatasi, mambo yanabadilika mara moja: "Leta vocha ya malipo namba fulani, leta hati ya kupokea mali, tuonyeshe sahihi ya mtunza ghala." Hapo mkuu anageuka nyuma, sisi tunaanza kufungua majalada, na chumba kizima kinajua ndani ya dakika mbili kama karatasi ipo au haipo. Ikiwa haipo, linaombwa jambo moja tu: muda. Kamati makini hutoa muda kwa tarehe na saa. Kamati dhaifu husema "mtuletee baadaye", na hiyo "baadaye" haifiki.

Waliofuatilia kamati ya COSASE, yaani ile inayokagua mashirika na taasisi za umma, chini ya Mheshimiwa Abdu Katuntu mwishoni mwa 2018 watakumbuka. Kamati ilikuwa ikichunguza jinsi Benki Kuu ilivyofunga benki saba za biashara, kuanzia Teefe hadi Crane Bank. Maofisa wa Benki Kuu ni wasomi wazito, wenye Kiingereza kizuri na hoja za kitaalamu ambazo mbunge wa kawaida hawezi kuzishinda kwa maneno. Kilichowaangusha ni kudaiwa kumbukumbu za vikao. Benki nzima, Crane Bank, iliuzwa Januari 2017, na kumbukumbu za vikao vya mazungumzo ya mauzo hazikuonekana. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku zile nchi nzima iliona.

Kwa hiyo nakuunga mkono kuhusu wakati, lakini naongeza aina ya swali. Mbunge anayeuliza "kwa nini" hupewa hotuba. Anayeuliza "iko wapi karatasi" hupewa karatasi, au huona jasho.

MwanaNsambya

Mzee wangu KaraniMstaafu, nakushukuru sana. Nyongeza yako nimeipokea yote, nami nitaiunganisha na hoja yangu hivi: karatasi unayoidai baada ya malipo ni vocha, lakini kabla ya malipo ipo nyingine ya kudai, nayo ni mpango wa kazi na mpango wa ununuzi. Taarifa za sera za wizara zinazofika Machi huwa na mipango hiyo. Kama mbunge angemtaka waziri aonyeshe kwamba ardhi ya mradi imeshapatikana kabla ya kuidhinisha fedha za ujenzi, mikopo mingi tunayoilipia ada huku ikilala bila kutumika isingefika hapa ilipo.

Na kuhusu maelekezo ya mdomo, hilo ni zito kuliko ulivyolieleza kwa upole wako. Katibu Mkuu anayekubali maelekezo ya mdomo anajibebesha mzigo wa mtu mwingine.

BintiMoroto

Kaka zangu, mnaongea kuhusu majalada. Mimi ni mtu wa Karamoja na nitaongea kuhusu mabati.

Mwaka 2022 watu wetu walikufa kwa njaa. Si habari ya kusimuliwa kwetu, tulizika. Katika kipindi hicho hicho Serikali ilikuwa na mpango wa kuwawezesha watu wa Karamoja uliopata bajeti ya nyongeza, na sehemu ya fedha hizo ilinunua mabati ya kuezekea nyumba za familia masikini, wakiwemo vijana walioacha wizi wa ng'ombe. Mabati yaliwekwa kwenye maghala ya Ofisi ya Waziri Mkuu huko Namanve, nje kidogo ya Kampala. Yalikuwa ya geji 28, yamepakwa rangi, na yana alama ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwanzoni mwa 2023 nchi ikaanza kuyaona kwenye mabanda ya mifugo na nyumba za wakubwa, mbali kabisa na Karamoja. Aprili 2023 aliyekuwa Waziri wa Masuala ya Karamoja, Mary Goretti Kitutu, alikamatwa na kushtakiwa, na baada yake mawaziri wengine wa nchi wakafikishwa mahakamani.

Kamati ya Bunge ilichunguza na ikahoji wengi. Nilisikiliza. Lakini naomba niulize nanyi mnijibu kwa haki. Bajeti hiyo ya nyongeza ilipopita bungeni, nani aliuliza orodha ya kaya zitakazopokea? Nani aliuliza mabati yatasafirishwa kwa gari la nani kutoka Namanve hadi Moroto, na nani atatia sahihi upande wetu? Wabunge wa Karamoja wapo, madiwani wapo, wenyeviti wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, wapo. Kama orodha ingebandikwa kwenye ukuta wa kila makao makuu ya wilaya za Karamoja kabla ya lori la kwanza kupakiwa, bibi aliyeandikwa jina lake angejua kwamba bati lake limepotea, naye angekuwa mbunge wa kwanza kuuliza.

Jambo linaloniuma ni kwamba baadhi ya mabati hayo yalikwenda kwa watu walewale wenye wajibu wa kuuliza. Aprili 2024 Uingereza iliwawekea vikwazo Spika Anita Among pamoja na mawaziri Kitutu na Agnes Nandutu, ikitaja rushwa, na suala la mabati ya Karamoja lilikuwa ndani yake. Nchi ya nje imechukua hatua kuhusu njaa yetu kabla Bunge letu halijamaliza kujiuliza lenyewe.

MsafiriMalaba

Dada BintiMoroto amefika ninapotaka kufika, na pole sana kwa msiba wenu. Nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi.

MwanaNsambya, hoja yako inadhani kwamba mbunge angeuliza mapema kama angekuwa makini zaidi. Mimi sidhani tatizo ni umakini. Tazama rekodi. Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa ajili ya korona, Bunge lilipitisha bajeti ya nyongeza na ndani yake likajitengea shilingi bilioni 10, milioni 20 kwa kila mbunge. Ni wabunge wenzao, Gerald Karuhanga na Jonathan Odur, waliokimbilia Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru fedha zirejeshwe au zikabidhiwe kwa vikosi kazi vya kupambana na ugonjwa. Mwaka 2022 Tume ya Bunge ilikaa ikagawana shilingi bilioni 1.7 kama zawadi ya utumishi: milioni 500 kwa Kiongozi wa Upinzani wa wakati huo, na milioni 400 kwa kila mmoja wa makamishna watatu. Wananchi walilijua hilo mwaka 2024. Juni 2024 hiyo hiyo, wabunge watatu walishtakiwa kwa madai ya kutaka asilimia 20 ya bajeti ya Tume ya Haki za Binadamu ili waisaidie kuongezwa. Walikana mashtaka, na mahakama ndiyo yenye kauli. Lakini ona madai hayo yanahusu wakati gani. Yanahusu wakati huo huo wa bajeti unaousifia, wa kabla ya fedha kutoka! Sasa ukiwaambia wabunge waongeze nguvu zao wakati huo, huoni kwamba unaongeza pia bei?

MwanaNsambya

Ndugu MsafiriMalaba, hakuna radhi ya kuomba. Swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na sitalikwepa.

Ni kweli kwamba penye nguvu ya kukataa fedha, pana kishawishi cha kuiuza nguvu hiyo. Lakini ukiondoa nguvu hiyo, kishawishi hakiondoki. Kinahamia kwa yule anayebaki na uamuzi, ambaye ni wizara. Kinga ninayoiona ni uwazi wa kikao chenyewe. Madai ya asilimia 20 unayoyataja si madai ya swali lililoulizwa mbele ya waandishi wa habari na kuandikwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge. Ni madai ya mazungumzo ya faragha. Makadirio yakijadiliwa kwenye kamati kwa milango iliyo wazi, kila mabadiliko ya tarakimu yakiwa na jina la aliyeyapendekeza na sababu yake, bei unayoihofia inakuwa ngumu kuitaja. Leo ripoti za kamati hutuambia kwamba kamati "inapendekeza" nyongeza ya bilioni kadhaa kwa taasisi fulani, na hazituambii nani alianza kupendekeza. Hilo linaweza kubadilishwa kwa kanuni za Bunge tu, bila kugusa Katiba.

Kuhusu bilioni 10 za 2020 na bilioni 1.7 za 2022, sina utetezi wowote. Mbunge aliyejigawia hawezi kumhoji waziri aliyejigawia, na mawaziri wanalijua hilo wanapoketi mbele ya kamati.

Naongeza jambo la historia kwa wadogo zetu humu ambao hawakuwepo. Bunge la Sita lilikuwa na mawaziri wa chama kilekile kinachotawala leo, tena hapakuwa na vyama vingi, na bado liliwapigia kura ya kutokuwa na imani Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999, kwa masuala ya mali na mgongano wa maslahi. Waliotoka walirudi serikalini miaka michache baadaye, na hilo ni la kusikitisha, lakini kwa muda ule kila waziri alijua kwamba kiti chake kinaweza kuondolewa na wabunge. Katiba inataka theluthi moja ya wabunge watie saini hoja, kisha zaidi ya nusu ya wabunge wote waipigie kura. Kasoro iko mwishoni mwa ibara ya 118: kura ikishapita, na waziri asipojiuzulu, Rais anachukua "hatua zinazofaa". Januari 2023 Bunge lilimpigia kura hiyo Waziri wa Nchi Persis Namuganza, naye akaendelea kubaki ofisini. Waziri aliyeliona hilo akiulizwa kesho, atajibu kwa hofu ipi?

MwalimuGulu

Wapendwa, mimi nitachangia kuhusu kinachotokea baada ya maswali, kwa kuwa sisi wa Acholi tuna kumbukumbu ya peke yetu.

Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu John Muwanga alitoa ripoti kuhusu fedha za wafadhili zilizopitia Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya mpango wa kuijenga upya Kaskazini baada ya vita. Fedha zilizochepushwa zilikadiriwa kufika shilingi bilioni 50. Ireland, Norwei, Denmaki, Swidi na Uingereza zilisimamisha misaada. PAC iliwahoji wakubwa kwa wiki nyingi, na mhasibu mkuu wa ofisi ile, Geoffrey Kazinda, alifungwa mwaka 2013. Watu wengi wanakumbuka Kazinda na nyumba zake. Wachache wanakumbuka kwamba Uganda iliirudishia Ireland yuro milioni 4. Fedha hizo za kurudisha hazikutoka mfukoni mwa walioiba. Zilitoka Hazina, kwa kodi zetu, pamoja na kodi ya mjane wa Pader ambaye ndiye aliyekuwa ameibiwa.

Sasa, sheria zinasemaje? Mkaguzi Mkuu anatakiwa kupeleka ripoti bungeni ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Januari. Ibara ya 163 ya Katiba inasema kwamba Bunge lazima liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi sita mingine. Nasisitiza neno "lazima", kwa kuwa Katiba haikuliacha kwa hiari. Lakini mara ngapi ripoti zimejadiliwa zikiwa zimelala mwaka au zaidi, maofisa wenyewe wameshahamishwa wizara, na Katibu Mkuu mpya anaanza jibu lake kwa "wakati huo sikuwepo"? Kisha Serikali inatakiwa kujibu mapendekezo ya Bunge kwa Waraka wa Hazina, kueleza nini kimetekelezwa. Waraka huo ndio ninaotamani kuona ukihojiwa kwa hasira ileile tunayoiona kwenye video.

Ipo pia kamati ambayo hakuna anayeitaja: Kamati ya Ahadi za Serikali. Kazi yake ni kufuatilia kila ahadi ambayo waziri ametoa ndani ya Bunge. Waziri akisema "Mheshimiwa Spika, daraja hilo litakamilika mwaka huu", kamati hiyo inatakiwa kuandika, kusubiri, na kwenda kuangalia. Kwa kanuni inaongozwa na upinzani, sawa na PAC na COSASE. Ningekuwa mwandishi wa habari ningehamia huko.

KaraniMstaafu, Arua

Mwalimu, umenikumbusha jambo kuhusu majibu ya ndani ya Bunge. Novemba 2024, wabunge walipouliza habari za fedha zilizochotwa kutoka Benki Kuu, Waziri wa Nchi wa Fedha Henry Musasizi alikiri kwamba akaunti ziliingiliwa, akaongeza kwamba kiasi si kile kinachovumishwa. Lilikuwa jibu fupi la mdomo, nalo likaelekeza macho ya watu kwa wadukuzi wa nje. Miezi michache baadaye waliopandishwa kizimbani, kwa mashtaka yanayotaja takriban shilingi bilioni 60, walikuwa maofisa wa Hazina yenyewe, pamoja na Mhasibu Mkuu wa Serikali. Kesi ni ya mahakama. Ninachosema ni kwamba jibu la namna ile lilitakiwa kurudiwa na kuhojiwa upya waziri akiwepo, mashtaka yalipotoka. Swali la pili huwa na thamani kuliko la kwanza.

MsafiriMalaba

Nimesoma, na kuhusu Hansadi nakubali. Kuhusu kanuni za kamati nitaamini nitakapoona.

Lakini tushuke chini. Mimi ni mfanyabiashara mdogo, hapa mpakani tunaongea Kiswahili kutwa nzima, na Bunge linaongea Kiingereza. Nitamsaidiaje mbunge wangu aulize mapema? Nikimpigia simu ananiambia "nitalifikisha".

MwanaNsambya

Tuchukue mfano ulio mlangoni kwako. Mpango wa Maendeleo ya Parishi ulizinduliwa Kibuku Februari 2022, na kila parishi kati ya zaidi ya 10,500 ilipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya ikikopeshwa milioni 1 kupitia SACCO. Wewe unajua nani kwenye parishi yako amepata, nani amekatwa "ya chai" kabla ya kupata, na nani ameandikwa lakini hajaona kitu. Mbunge hajui, na waziri anajua tarakimu ya jumla tu, ile anayoisoma bungeni.

Kwa hiyo usimpelekee mbunge malalamiko. Mpelekee karatasi, kama Mzee wetu wa Arua anavyosema. Andika kwa Kiswahili, kwa kuwa Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Weka jina la parishi, kiasi kilichobandikwa kwenye ubao wa matangazo, idadi ya kaya mlizozihakiki wenyewe, na tofauti iliyopo. Majina ya watu msiyaweke bila ruhusa yao. Mwenyekiti wa LC na watu wachache watie sahihi. Wakati wa kupeleka ni Januari hadi Machi, kabla kamati haijaketi na wizara kuhusu fedha za mwaka ujao. Mbunge akiwa na karatasi hiyo mkononi, naye waziri akiwa anaomba fungu jipya la mpango huohuo, swali linakuwa jepesi kuuliza na gumu kukwepa.

BintiMoroto

Naomba nakala ya mfano wa karatasi hiyo ibandikwe humu ili na sisi tuitumie. Kwetu tutaanza na orodha ya mabati yaliyorudishwa: wilaya ipi imepokea mangapi, na yameezeka nyumba za nani.

KaraniMstaafu, Arua

Nitaiandaa, binti yangu. Itakuwa ukurasa mmoja, yenye safu za kile kilichotangazwa, kilichofika, tarehe, na sahihi ya aliyepokea. Safu ya sahihi msiiache wazi hata kama aliyepokea hajulikani. Andikeni "haijulikani", na hapo ndipo mbunge aanzie kuuliza.